Picha za misafara ya magari ya maksai: lile duara lilikuwa kweli? Na watoto waanze na ipi?

Dada mmoja wa Eldoret ameniandikia hivi: "Marehemu baba alikuwa na kanda za picha za kikauboi, sisi watoto tulizipenda sana zile za msafara wa magari yenye turubai jeupe yakivuka mbuga. Sasa wanangu wana miaka 9 na 12 nataka niwaonyeshe, lakini najiuliza, ni kweli kila safari walikuwa wanavamiwa mpaka wanazungusha magari duara? Na kati ya zile picha zote tuanze na zipi?"

Dada yangu, pole kwanza kwa mzee, na asante kwa swali maana umegusa pale pale ninapopapenda, nimefundisha historia ya filamu miaka mingi na kila darasa kuna mtu lazima aulize hilo la duara. Nitaanza na hilo halafu tuje kwenye picha zenyewe, na nitarefusha kidogo kwa sababu haya mambo mawili yameshikana, ukishajua ukweli wa ile safari unaanza kuona ni picha ipi ilitengenezwa na mtu aliyelijua gari na ipi ilitengenezwa na mtu aliyelitaka tu lipite nyuma ya stelingi.

Picha hizi ni za wahamiaji wa Marekani waliokwenda magharibi, Oregon na California, katikati ya karne ya 19. Duara lenyewe lilikuwepo, hilo sinema haikutunga. Jioni msafara ukisimama magari yalipangwa mviringo, moja likagusana na lingine, minyororo ikafungwa. Ila kazi yake kubwa ilikuwa zizi. Basi. Unafungua maksai, wanakula majani, giza likiingia unawaswaga humo ndani walale, kwa sababu familia iliyopoteza maksai usiku mmoja katikati ya mbuga ilikuwa imekwama kwelikweli, hakuna pa kununua wengine na nyumbani ni mwezi mzima nyuma. Yale mambo ya wapiganaji mia mbili kuzunguka duara juu ya farasi huku wanadondoshwa mmojammoja, hebu fikiria mwenyewe, mtu anayeijua vita atazunguka uwanja wazi mbele ya bunduki ili iweje?

Mwanahistoria John Unruh, ambaye alipitia shajara na magazeti ya wakati ule, alihesabu kwamba kati ya 1840 na 1860 wahamiaji waliouawa na wenyeji njiani walikuwa kama 362, na wenyeji waliouawa na wahamiaji kama 426. Hiyo ni miaka ishirini na watu karibu laki tatu waliopita. Kwenye picha moja tu ya zamani wanaweza kufa zaidi ya hao kabla hujamaliza chai yako. Na nasema wenyeji makusudi badala ya Wahindi Wekundu, ukiweza wafundishe watoto majina yao, Pawnee, Lakota, Cheyenne, Arapaho, Shoshone, hao walikuwa mataifa tofauti wenye lugha tofauti na wengine walikuwa maadui wenyewe kwa wenyewe, sinema imewamwaga wote kwenye kapu moja. Shajara za wahamiaji zimejaa habari za wenyeji waliowauzia samaki na farasi, waliowaonyesha njia, waliowavusha mito kwa malipo, na pia waliodai ushuru kwa kupita kwenye ardhi yao, jambo ambalo mimi naona ni haki yao kabisa.

Sasa watu walikufa na nini? Kipindupindu, zaidi ya kitu kingine chochote, hasa miaka ya 1849 mpaka 1852. Mtu anaamka mzima anafunga nira, saa sita anaumwa tumbo, jioni anazikwa na kesho msafara unaendelea. Wenyeji nao waliambukizwa na njia hiyohiyo, Cheyenne walipukutika vibaya sana mwaka 1849. Halafu kuzama kwenye mito, bunduki kujifyatukia ndani ya gari, na watoto, hili linaniuma kila nikilisoma, watoto kuteleza wakidandia gari linalotembea wakaangukia chini ya gurudumu. Mara nyingi waliofariki walizikwa palepale kwenye njia, na magari yote ya nyuma yakapitishwa juu ya kaburi ili udongo ushindiliwe na mbwa mwitu wasifukue. Mama anazika mtoto halafu anasikia magurudumu yanapita juu yake. Hakuna picha ya kikauboi ya zamani niliyowahi kuona inayokaa na jambo hilo kwa uzito unaostahili.

Utauliza basi lile la kuvamiwa limetoka wapi. Kwa sehemu kubwa limetoka kwenye tamasha. William Cody, yule aliyeitwa Buffalo Bill, alianza maonyesho yake ya uwanjani mwaka 1883, akazunguka nayo Marekani yote na mwaka 1887 akavuka mpaka London, na kati ya vipengele vyake kilikuwepo cha msafara wa wahamiaji unaovamiwa halafu Buffalo Bill na watu wake wanatokea kuuokoa. Onyesho la uwanjani lina watazamaji pande zote, farasi wanazunguka, baruti zinalia, ndo utamu wake. Sinema ilipozaliwa ilikuta mandhari hiyo iko tayari vichwani mwa watu ikaichukua nzimanzima.

Kwa hiyo mimi picha ya msafara naipima kwa jambo moja: gari ni kazi au ni pambo? Angalia gurudumu, angalia nani anavuta, angalia nani anatembea. Lile gari lilikuwa sanduku la mbao la urefu wa kama mita 3 na upana wa mita 1 na kidogo, halina springi, linabeba karibu tani moja, na karibu tani yote hiyo ni chakula. Mtu mzima mmoja alishauriwa abebe unga kilo 90 hivi, nyama ya nguruwe ya chumvi, kahawa, sukari, chumvi. Watu walitembea. Sinema inapenda kuwaonyesha wamama wameketi mbele wameshika hatamu na kofia zao safi, lakini njia ile ya kama kilomita 3,200 kutoka Independence, Missouri mpaka Oregon wengi waliimaliza kwa miguu, miezi minne mpaka sita, kilomita 24 kwa siku nzuri, kwa sababu mnyama hastahili mzigo wa ziada na kwa sababu ukikaa humo ndani unatikiswa mpaka meno yanauma. Kulikuwa na wanawake walioning'iniza ndoo ya maziwa kwenye gari asubuhi, ikifika jioni wakakuta siagi.

Na wavutaji wengi walikuwa maksai, wengine nyumbu. Farasi anakimbia na sinema inataka mbio, ndo maana kwenye picha utaona farasi karibu kila mahali, lakini farasi anataka nafaka na anachoka upesi, maksai anakula majani anayoyakuta na anaweza kuvuta matope wiki nzima. Kwenye nchi kavu mbao za gurudumu zilikuwa zinasinyaa mpaka ile pete ya chuma inachomoka, usiku watu wanayalaza magurudumu mtoni yanywe maji yavimbe tena. Kuni hakuna, wanapikia kinyesi kikavu cha nyati wa mbuga zile, na kuokota kinyesi ni kazi ya watoto wa umri kama wa hao wako. Hata ule mstari mmoja mrefu mzuri wa magari unaouona kwenye kila picha, mahali penye nafasi waliukwepa, walitawanyika upana wa uwanda ili wa nyuma asile vumbi la wote walio mbele.

Sisi tuna neno letu msafara na tunalijua vizuri, Bagamoyo mpaka Ujiji watu walibeba mizigo kichwani na begani kwa sababu mbung'o alikuwa anaua wanyama wa kuvuta, na mbele yao alikwenda kirangozi. Yule anayeitwa skauti kwenye picha hizi, anayetangulia na farasi wake kutafuta maji na kivuko, mimi darasani namwita kirangozi na wanafunzi wanaelewa mara moja.

Haya, picha.

Kwa upande wa gari kama kazi, hakuna inayoifikia The Big Trail ya mwaka 1930, ya mwongozaji Raoul Walsh na kampuni ya Fox. Ndiyo picha ya kwanza John Wayne kuwa stelingi, alikuwa kijana wa miaka 23 aliyekuwa anabebabeba vifaa vya studio, jina lake la kuzaliwa Marion Morrison. Walizunguka nayo nchi nzima, jangwani Yuma kule Arizona, Jackson Hole kwenye milima ya Wyoming, Utah, California kwenye miti ile mikubwa, magari ya kweli, wanyama wa kweli, mvua na matope. Kuna sehemu msafara unafika kwenye genge la mwamba na hakuna pa kuzunguka, basi wanayafunga magari kamba wanayateremsha moja moja, na ng'ombe wanateremshwa kwa kamba, na watu nao, unaona kamba inakaza, unaona mbao zinagonga mwamba, na gari linaloponyoka linakwenda kusambaratika chini. Uzito ule huwezi kuudanganya. Na ni jambo lililotokea kweli, kwenye mteremko wa Laurel Hill karibu na mwisho wa njia ya Oregon wahamiaji walifunga kamba kwenye miti wakayashusha magari yao hivyohivyo.

Lakini kinachonirudisha kwenye hii picha kila mwaka ni vile vitu vya nyuma. Waliipiga kwa kamera za aina mbili kwa wakati mmoja, ya kawaida ya milimita 35 na nyingine ya filamu pana ya milimita 70 iliyoitwa Grandeur, na kwenye ile pana Walsh anajaza skrini nzima: mbele Wayne anaongea na binti, nyuma yake mama anafua, nyuma zaidi mtu anapasua kuni, mbwa anapita, watoto wanafukuzana, na mbali kabisa magari mengine bado yanaingia kambini na kila kitu kinaonekana vizuri. Unaweza kuacha kumsikiliza Wayne kabisa ukaangalia kijiji kinachotembea. Kusema kweli maongezi yenyewe ni ya kukaza, sauti kwenye sinema ilikuwa mpya watu wanaongea kama wanasoma risala, na yule mchekeshaji wao anachosha. Na ndiyo, lile duara na uvamizi limo, hata Walsh hakuliacha.

Kibiashara picha ilianguka. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeanza, majumba ya sinema yalikuwa yametoka juzi tu kununua mitambo ya sauti, hakuna aliyekuwa tayari kununua tena mashine na skrini kwa ajili ya filamu pana, kwa hiyo ile ya Grandeur ilionyeshwa mahali pachache mno na watu wengi wakaona ile nyembamba. John Wayne akaishia miaka tisa kwenye picha za bei rahisi mpaka John Ford alipompa Stagecoach mwaka 1939. Ile nakala pana ilikuja kuokolewa baadaye na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York na ndiyo tunayoiangalia leo.

Kabla yake kulikuwa na The Covered Wagon ya 1923, picha bubu ya James Cruze, na hiyo ndiyo iliyowafundisha Hollywood kwamba safari yenyewe inaweza kuwa hadithi. Kabla ya hapo kauboi ilikuwa kitu kidogo cha bastola na farasi, hii ikaja na mamia ya magari kwenye bonde la Snake Valley mpakani mwa Nevada na Utah, mengine yalikuwa magari ya kweli ya familia za wakulima waliyoyatunza tangu enzi za mababu, wakawaleta Waarapaho kutoka Wind River kule Wyoming, ikapiga pesa nyingi sana. Kuvuka mto humo ndani mpaka leo kunatisha. Ila kuna stelingi mmoja mkongwe wa picha bubu, William S. Hart, mtu aliyejali sana ukweli wa mambo haya, aliinyooshea kidole kwamba wamepiga kambi ndani ya korongo lisilo na pa kutokea, kitu ambacho mkuu wa msafara mwenye akili hafanyi, na kwamba maksai wanaogelea na nira shingoni. Yuko sahihi. Mtu anayewajua maksai anashtuka akiona vile. Mapenzi ya humo ndani ni mepesi, stelingi na adui wanagombania binti, unaweza kuruka. Kama watoto wako hawajazoea picha bubu isiwe ya kwanza.

Sasa ile ninayoipenda moyoni. Wagon Master ya John Ford, 1950. Haina stelingi mkubwa hata mmoja, ina Ben Johnson na Harry Carey Jr. wakiwa vijana wawili wauza farasi wanaokodiwa kuongoza Wamormoni, watu wa dhehebu moja la Marekani, mpaka mto San Juan, na Ward Bond ni mzee wa msafara anayetaka kutukana kila mara anakumbuka yeye ni mtu wa dini. Ben Johnson alikuwa kauboi kweli kabla ya sinema, miaka mitatu baadaye aliacha kazi ya filamu mwaka mzima akashindana rodeo, yale mashindano ya makauboi, akatoka bingwa wa dunia wa kukamata ng'ombe kwa kamba wakiwa wawili, kwa hiyo anavyokaa juu ya farasi hakuna kuigiza pale. Ford aliipiga karibu na Moab kule Utah, nyeusi na nyeupe, na mwenyewe aliitaja kati ya picha zake alizozipenda zaidi. Kinachotokea ni kidogo sana: wanatembea, wanakosa maji, wanayapata, wanacheza dansi juu ya mbao walizotandika chini, wanakutana na watu. Na watu hao ni pamoja na Wanavajo, na hapa ndo utaona tofauti, wanakutana nao, kila mtu ana wasiwasi, wanaongea, halafu usiku wanakaribishwa na wote wanacheza kwa kushikana mikono kuzunguka moto. Mwaka 1950! Hatari ya humo haitoki kwao, inatoka kwa familia moja ya majambazi wazungu, akina Clegg, wanaojibanza kwenye msafara.

Na hiyo hadithi ina mizizi, hata kama picha imewekwa miaka ya 1849. Mwaka 1879 Wamormoni kama 250 na magari zaidi ya 80 walitumwa kwenda kuanzisha makazi huko San Juan, wakadhani ni wiki sita, ikawa miezi sita. Walifika kwenye ufa kwenye mwamba juu ya mto Colorado wakakaa wiki kadhaa wanaupanua kwa baruti na nyundo, na Januari 1880 wakayashusha magari humo, watu na wanyama wakining'inia nyuma kama breki. Hakuna aliyekufa, na watoto wakazaliwa njiani. Nikifikiria jambo hilo halafu naangalia vile Ford anavyokaa na gari linalopanda mchanga, watu mabega kwenye magurudumu, naelewa kwa nini hakuhitaji uvamizi.

Baba yako kama alikuwa na kanda za vipande vifupi vya kama saa nzima kila kimoja inawezekana ilikuwa Wagon Train, mfululizo wa televisheni wa 1957 mpaka 1965 uliozaliwa na hii picha, Ward Bond ndiye mkuu wa msafara mpaka alipofariki Novemba 1960 nafasi ikachukuliwa na John McIntire. Humo kila wiki ni kisa cha msafiri mmoja. Vingine vizuri, vingi vya kawaida.

John McIntire huyohuyo yuko kwenye Westward the Women ya 1951, mwongozaji William Wellman, na hii naomba usiikose wewe mwenyewe hata kama watoto bado. Wanawake zaidi ya mia moja wanatoka Chicago kwenda kuolewa kwenye bonde moja California, na Robert Taylor ndiye kirangozi anayewaambia mapema kwamba si wote watakaofika. Hadithi ni wazo la Frank Capra. Wanaume wengi wanatoroka au wanakufa na wanawake ndo wanafunga nyumbu, ndo wanashusha magari mteremkoni, ndo wanachimba makaburi. Mtoto wa mjane wa Kiitalia anakufa kwa risasi iliyopotea wakati wanajifunza kulenga, yaani ajali ya bunduki, kama nilivyokwambia juu kwamba ndivyo wengi walivyokufa. Kuna mama anajifungua ndani ya gari na gurudumu linavunjika, basi wenzake wanaingia chini wanalibeba gari kwa migongo na mikono mpaka mtoto atoke. Mimi ni mtu mzima na kipande hicho kinanitoa machozi. Na baada ya uvamizi, maana na hii inao, Wellman hauonyeshi kwa raha, unaonyeshwa waliobaki wamesimama wanaita majina ya waliokufa mmojammoja kwa sauti, na milima inayarudisha. Karibu hakuna muziki kwenye picha nzima, ni upepo na magurudumu.

The Way West ya 1967 ina Kirk Douglas, Robert Mitchum na Richard Widmark na bado haishiki, magari mazuri, mandhari ya Oregon mazuri, kila mtu anagombana. Ipite.

Kama umeona kuna kitu kinakosekana kwenye zote hizi uko sawa, watu weusi. Walikuwepo. George Washington Bush alifika Oregon na msafara wa 1844, mkulima mwenye mali na aliyewasaidia jirani zake kulipia safari, akakuta serikali ya muda imepitisha sheria ya kuwazuia weusi wasiishi huko, basi yeye na wenzake wakapanda kaskazini ya mto Columbia sheria isikowafikia. James Beckwourth, mtu aliyezaliwa utumwani, alikuta njia kwenye milima ya Sierra Nevada ambayo mpaka leo ina jina lake, na 1851 akapitisha msafara humo, sinema ilipomkumbuka miaka mia baadaye, 1951, ikampa mwigizaji mzungu amwigize. Kwa hiyo tafuta Buck and the Preacher ya 1972, Sidney Poitier anaongoza kwa mara ya kwanza na mwenyewe ndiye kirangozi, na Harry Belafonte ni mhubiri tapeli, wanaongoza watu waliotoka utumwani Louisiana, na wanaowawinda ni wazungu waliotumwa kuwarudisha mashambani kwa nguvu. Wenyeji humo wana masharti yao, wanaongea kama watu wenye nchi. Haina ukubwa wa The Big Trail lakini mambo inayoyasema hakuna picha ya zamani iliyothubutu.

Na ya karibuni, Meek's Cutoff ya Kelly Reichardt, 2010, hiyo sio ya zamani ila naitaja kwa sababu imejibu kila kitu ambacho zile za zamani zilikwepa. Inatokana na kisa cha 1845 ambapo Stephen Meek aliwaingiza watu kama elfu moja na magari karibu 200 kwenye njia ya mkato wakapotea jangwani Oregon. Picha inachukua familia tatu tu. Wanatembea, ekseli inalia, wanawake wanasikia wanaume wakijadiliana kwa mbali na hawasikii vizuri. Ya watu wazima wenye subira.

Umeniambia uko Eldoret, kwa hiyo hili siwezi kuliacha. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walishuka meli Mombasa, wakapanda treni mpaka Nakuru, na kutoka hapo wakapandisha magari yao ya maksai yenye maturubai mpaka Uasin Gishu kupitia misitu na matope, yaani picha ileile, kwenye milima unayoiona dirishani kwako. Nchi ile iliitwa tupu. Wanandi walikuwa wametoka tu kupigwa, Koitalel arap Samoei aliuawa 1905 na watu wake wakasukumwa kando, ndo utupu wenyewe. Oregon ilikuwa hivyohivyo, sheria ya 1850 iliwapa mume na mke wazungu ekari 640 kabla hata wenyeji hawajasaini mkataba wowote wa kuitoa ardhi. Picha karibu zote nilizotaja zinaishia msafara unapoona bonde la kijani watu wanalia kwa furaha. Mwanao wa miaka 12 ameshaanza historia shuleni, muulize hapo hapo bonde ni la nani, nadhani atakujibu haraka kuliko Hollywood.

Kwa mpangilio, mimi ningeanza na Wagon Master, ni dakika 86 tu na nyimbo zake watoto watazishika. Uwe karibu mwanzoni kwa sababu inaanza na ujambazi kabla hata jina la picha, na katikati kuna mtu anachapwa viboko baada ya kumdhuru mwanamke wa Kinavajo, mdogo atahitaji maelezo. Wiki inayofuata The Big Trail, na hakikisha ni nakala pana ya kama saa mbili, ukiona picha karibu ya mraba hiyo ni ile nyembamba, rudisha utafute nyingine. Westward the Women iangalie kwanza peke yako, kuna mwanamke anabakwa na vifo ni vingi, halafu uamue kuhusu mkubwa. Ile ya Poitier, mtoto mkubwa ataielewa vizuri.

Na Wagon Master msizime mapema. Mwishoni kabisa wanavuka mto, magari yanapita, na kamera inabaki na mtoto wa farasi anayehangaika kupanda ukingo kwa miguu yake myembamba mpaka anatokea juu.